Dukuduku la Mama Pazia

Mtaa mzima ulimsifu Mama Pazia kwa subira. "Yule mama ana moyo," walisema wateja waliomletea vipimo vya madirisha yao. "Mimi ningekwisha fungasha virago zamani." Naye, pini zikiwa mdomoni, alitikisa kichwa tu na kuendelea kukunja pindo. Mtu mwenye pini mdomoni haulizwi maswali mengi, na hilo lilimfaa sana.

Alikuwa fundi wa mapazia, na kazi ilikuwa imemeza jina lake la kuzaliwa. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia, pasi, na majora ya vitambaa yaliyoegemezwa kwenye kona. Mume wake alikuwa kinyozi, na hakuwa na unywele hata mmoja kichwani. Sasa watu wangemwita nini? Walimwita Kipara, naye alilipenda jina hilo kuliko wao waliolitunga. "Mimi ndimi tangazo la kazi yangu," alikuwa akisema. "Mkinipa nafasi sibakizi kitu."

Homa ilimshika Kipara wakati binti yao bado anakwenda shule na sare yake. Haikuwa homa ya kumeza dawa na kulala. Ilimpanda kichwani, akaweweseka, akalazwa. Alipozinduka alimtambua mke wake, akamtambua mdogo wake, akataka chai. Watu wakamshukuru Mungu. Mke wake alitoka kumletea chai, na aliporudi nayo Kipara aliruka kwa furaha kana kwamba hajamwona tangu alazwe. "Bibie, umekuja!" Akanywa chai yote. Akaweka kikombe chini, akageuka kumsalimu muuguzi, kisha akakiona kile kikombe na kuuliza ni nani amekunywa chai hapa.

Daktari wa ubongo, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, aliwakalisha na kuwaeleza. Alisema ndani kabisa ya kichwa, kulia na kushoto, kuna kipande kidogo cha ubongo ambacho kazi yake ni kupokea mambo ya leo: uso huu, neno hili, njia hii. Kinayashika, kinayarudiarudia hasa mtu anapolala, mpaka polepole yanakaa imara katika sehemu nyingine za ubongo. Mambo ya zamani ya Kipara yalikuwa yamekwisha kukaa, ndiyo maana anayo. Ya karibuni yalikuwa bado, yakaondoka na homa. Na mapya hayana tena wa kuyapokea, kwa sababu kipande chenyewe kimeharibika pande zote mbili.

"Na kazi yake?" aliuliza Mama Pazia.

"Kunyoa? Ujuzi wa mikono una njia nyingine kabisa kichwani, na hiyo haikuguswa. Mrudishe kazini, itamsaidia."

Mama Pazia hakuuliza zaidi. Mimi ningeuliza mambo mia, lakini si mimi niliyekuwa na mgonjwa kitandani na oda ya mapazia ya hoteli nyumbani. Alichokibeba kutoka pale ni neno moja tu, kwamba jipya halikai. Alilibeba vizuri, na ndilo lililomponza.

Kipara alirudi kwenye saluni yake, akafanya kazi pamoja na mdogo wake, mtu mpole asiye na maneno. Na kazi iliendelea, tena kwa vicheko. Kipara alikuwa akienda chooni, na akirudi anamkuta mteja kitini. "Karibu ndugu yangu, tukunyoe vipi?"

"Kama ulivyoanza."

"Nilianza mimi?"

"Tazama upande huu."

Kipara anainama, anautazama upande ule kwa makini. "Loo! Kazi safi. Huyu fundi ni nani?" Basi duka zima linavunjika mbavu, naye anacheka kuliko wote. Watu walikuja hata nywele zikiwa bado fupi. Mdogo wake alinunua mashine mpya ya umeme, na kila asubuhi Kipara aliapa kwamba dude hilo hajapata kuligusa maishani, huku kidole gumba chake kikienda chenyewe kwenye swichi iliyojificha chini ya mpini. Hapo palikuwa na somo, kama mtu angetaka kulisoma. Wao walicheka tu.

Lakini saluni hufungwa jioni, na mume hurudi kwa mkewe. Vicheko vilibaki dukani, Mama Pazia akaletewa maswali. Binti yetu yuko wapi? Yuko shule. Haya. Binti yetu yuko wapi? Binti akiingia, Kipara anashika mdomo: "Mwanangu! Umerefuka lini?" Mtoto anacheka mara ya kwanza, anacheka mara ya pili, baadaye anakwenda kulilia chumbani. Kipara alihamisha mkasi akasahau alikouweka. Alifungua mlango kwa kila mtu. Alimhadithia mke wake jinsi walivyochumbiana, gauni la bluu alilovaa, jinsi alivyomkataa mara ya kwanza na kumcheka kipara chake, na alihadithia kwa mapenzi ya kweli, kisha akahadithia tena kabla chai haijapoa. Wewe unayeona ni jambo tamu, jaribu kulisikiliza kila siku huku unapima mita za kitambaa cha watu.

Siku moja aliamua kumsaidia. Aliona pazia juu ya meza na pasi ya moto kando yake, akaanza kulinyoosha, tena vizuri kabisa. Mtu akabisha hodi. Kipara akaenda kufungua, wakapiga soga mlangoni, na pasi ikabaki pale pale ilipokuwa. Mama Pazia alitoka jikoni akifuata harufu. Lilikuwa pazia la maharusi, limetoboka katikati tundu jeusi la umbo la pasi.

Alifunga mlango kwa komeo, akamtolea uvivu. Na hakuishia kwenye pazia. Yalitoka yote yaliyomkaa rohoni tangu hospitali: kwamba amechoka, kwamba amekuwa mjane mwenye mume, kwamba Kipara hata mwanawe anamwonea aibu, kwamba si mtu tena, ni mzigo unaokula na kuuliza maswali. "Bora homa ingekuchukua mzima," alimwambia usoni. "Bora ungekufa, tukakulilia mara moja tukamaliza."

Kipara alikaa chini sakafuni. Alilia kama mtu mzima anavyolia, bila sauti. "Bibie," alisema, "nimefanya nini?"

Mama Pazia alikimbilia jikoni, akaona haya, akashika kifua. Alijikaza akarudi kumwomba radhi. Akamkuta amekwisha kaa kitini, ametulia, anamtazama kwa tabasamu. "Bibie, chai ipo?" Shavuni machozi yalikuwa bado mabichi. Aliyapangusa, akavitazama vidole vyake kwa mshangao, akasema, "Leo kuna joto, eti? Natokwa na jasho."

Msiba ulianzia hapo. Kama angeona kinyongo usoni mwa mume wake, hata kwa siku moja tu, mwanamke yule asingerudia, kwa maana hakuwa mtu mbaya, na atakayesema alikuwa mbaya nitabishana naye. Lakini hakuona kitu. Alichokiona ni kwamba amesema maneno ambayo hakuna binadamu anayeweza kuyasema akabaki na ndoa yake, na ndoa ipo, na chai inaulizwa. Na kifua chake kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu ile homa. Jioni ile alimpikia vizuri. Alimsikiliza hadithi ya gauni la bluu mpaka mwisho.

Basi ikawa desturi. Kipara anarudi kutoka dukani, Mama Pazia anashusha mapazia, anatia komeo, anatoa dukuduku lake. Siku nyingine maneno mawili matatu ya uchungu, siku nyingine tusi baada ya tusi mpaka sauti ikauke. Kisha anakwenda kuchemsha maji, na akirudi kila kitu kimefutika. Alimwona mume wake kama chujio: umwage uji, umwage tope, lenyewe halibaki na kitu. Watu wakamsifu kwa upole wake mbele za watu, na upole huo ulikuwa wa kweli, kwa sababu ukali wake wote aliumaliza nyuma ya komeo. Hata binti hakujua. Jioni alikuwa kwenye masomo ya ziada, na baadaye aliolewa akahamia mtaa wa pili.

Ni huyu binti aliyegundua. Alizoea kupita saluni akitoka kazini kumsalimu baba yake, na akaona jambo. Mchana kutwa Kipara ni yule yule, mizaha kwa kwenda mbele. Mdogo wake akianza tu kufagia nywele na kuchomoa mashine, Kipara anabadilika. Mikono inamtetemeka. Anatafuta kichwa kingine cha kunyoa, na kama hakipo anaomba amnyoe mdogo wake. Siku moja walivitafuta viatu vyake mpaka wakachoka, kumbe kavificha nyuma ya pipa la maji, na alipoulizwa kwa nini, aliapa si yeye. Na kweli hakujua. Halafu akaanza kukonda.

Binti akawapeleka wazazi wake wote wawili kwa yule daktari. Kipara aliachwa nje na muuguzi, akimshauri kuhusu nywele zake. Daktari alisikiliza, akauliza, "Kuna mtu anayemtisha?"

"Hata akitishwa si anasahau?" Mama Pazia alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba.

"Anasahau tukio," alisema daktari. "Hawezi kujua nani, lini, wala neno gani. Lakini woga una mahali pake kichwani. Ni jirani tu na kile kipande kilichoharibika, ila ni kingine, na cha mzee ni kizima. Mtu akiumizwa mara kwa mara, pale panajifunza. Sauti ile, saa ile, sura ile ikija, mwili unaogopa, na mwenyewe hajui anaogopa nini. Hilo linakaa, mama. Wakati mwingine linakaa kuliko mengine yote."

Mama Pazia aliitazama meza ya daktari, kalamu, bilauri ya maji, akitafuta mahali pa kuweka macho.

"Kwa hiyo kuna mtu anamtesa baba yangu," alisema binti.

"Mtu, au mahali, au kitu. Mimi sijui. Tafuteni, mkiondoe. Mkichelewa, atazidi kukonda."

Njiani binti alipiga hesabu zake mwenyewe. Woga unakuja wakati wa kufunga duka. Wakati huo wateja wameondoka. Nani anabaki naye? "Baba mdogo," alisema, akasimama katikati ya njia. "Mama, ni baba mdogo! Ndiyo maana hana maneno. Watu wapole wa aina ile uwaogope!" Mama Pazia angeweza kusema pale pale. Hakusema. Alimshika Kipara mkono avuke barabara, na kwa mara ya kwanza akausikia mkono ule ulivyokakamaa ndani ya wake.

Saluni ilikuwa na wateja. Binti hakujali. Alimkabili baba yake mdogo mbele yao wote, akamuuliza anamfanya nini kaka yake jioni wakishafunga mlango. Yule bwana alikuwa ameshika brashi yenye povu. Hakuelewa, akaelewa, uso ukamshuka.

"Mimi?" alisema. "Mimi nimfanye nini kaka? Yeye ndiye aliyenifundisha kushika wembe."

"Basi kwa nini anatetemeka?"

"Sijui, mwanangu. Nimejiuliza na mimi."

"Mdogo wangu hajapata kunigusa hata siku moja," alisema Kipara kwa ukali, na watu waliinamisha macho, maana ushahidi wa Kipara ungemsaidia nani? Hata yeye aliliona hilo. Alitazama nyuso zao moja baada ya nyingine, kisha akauliza polepole, "Au amenigusa?"

Shemeji mtu alifungua kamba ya aproni yake. Aliikunja, akaiweka juu ya kiti, akaanza kukusanya vifaa vyake: mkasi, vitana, wembe wa zamani aliopewa na kaka yake. Alisema kama wanamdhania hivyo basi atafute kazi kwingine, wamwache kaka akae kwa amani. Alikuwa akilia. Na Mama Pazia alisimama pale mlangoni, mkoba kifuani, akiona kwamba lote hili linaweza kwisha bila yeye kutajwa. Shemeji ataondoka, lawama zitaondoka naye, na yeye atabaki mama mwenye subira. Nasikia haya kusema kwamba alilifikiria. Alilifikiria mpaka shemeji alipofunga mfuko.

"Rudisha vitu vyako, shemeji," alisema. "Si wewe. Ni mimi."

Binti aligeuka. "Wewe umefanya nini?"

"Anaogopa kurudi nyumbani. Kila jioni namtukana. Naweka komeo, namwambia bora angekufa."

"Kila jioni?"

"Karibu kila jioni."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu wewe ukiwa shule."

Mteja mwenye povu kidevuni alijitia hamnazo, akatazama dari. Binti aliweka mikono kichwani. "Nilidhani hayakai," alisema Mama Pazia. "Walisema jipya halikai. Nilikuwa nasema, naona amesahau, nashukuru. Sikujua kuna mahali yanakwenda." Alikuwa akisema na binti, lakini aliyemtazama ni Kipara, naye Kipara alikuwa amesogea nyuma ya mdogo wake, bila kujua kwa nini, akitabasamu kwa adabu.

Hakurudi nyumbani siku ile. Mdogo wake alimpa chumba nyuma ya saluni, na si muda akaanza kunenepa. Binti alikuja kuchukua nguo za baba yake, akazikunja bila kumtazama mama yake. Mlangoni alisema tu, "Ungenitukana mimi, mama, angalau ningeweza kukujibu."

Mama Pazia alibaki na cherehani. Jioni ilipofika alijikuta akishusha mapazia, mkono ukienda kwenye komeo, akakumbuka kwamba ndani hamna mtu. Alirudi kwa daktari peke yake. Je, yanafutika? Daktari alisema woga haufutwi. Unaweza kuwekewa jipya juu yake, pole pole, kwa wema unaorudiwa, na ikawa afadhali. Nenda mchana, alimwambia, mlango uwe wazi, usikae muda mrefu. Labda utapungua. Labda hautapungua.

Basi alikwenda. Kipara alikuwa amepumzika kwenye chumba chake cha nyuma, mlango wazi, kelele za mashine zikisikika kutoka dukani. Alimfurahia kama kawaida. Mama Pazia alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, akayasema yote mara moja asije akavunjika moyo.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuwa nakutukana."

"Wewe?" Kipara alicheka. "Bibie, wewe hata kuku humfukuzi."

"Nilikutukana sana. Nilikuambia bora ungekufa."

Kicheko kilikatika. Alifikiri kidogo. "Kama ulisema, ulikuwa umechoka. Sina kinyongo. Sikumbuki hata neno, kinyongo nitakiweka wapi?"

Mama Pazia alilia. Alikuwa ameutamani msamaha huo usiku na mchana, na sasa anao, umetolewa kwa roho nyeupe, na aliyeutoa hajui ametoa nini. Kipara alinyoosha mkono ampapase begani. Mkono ulifika katikati, ukasimama, ukarudi kwenye goti lake. Aliutazama kwa kutoelewa.

"Bibie, nikuulize," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu."

"Lazima nilikukosea. Nikikuona nafurahi, wewe ni mke wangu, nakupenda. Lakini moyo unanienda mbio kama mtoto aliyevunja kitu. Mtu haogopi namna hii bila kosa. Niambie nililofanya, bibie, nikuombe radhi."

Alikuwa amekwisha kusahau alichoambiwa sasa hivi. Ili Mama Pazia amweleze tena, ingebidi amwambie upya kwamba alimtakia kifo, aone tena uso ule ukishuka. Akameza maneno. "Hukufanya kosa lolote, mume wangu. Ulikuwa mume mwema siku zote."

Kipara alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayefichwa jambo na hataki kulazimisha. Mdogo wake akamwita dukani, kulikuwa na mteja. Alikwenda, Mama Pazia akamsikia akipiga mzaha wake wa tangazo la kazi, watu wakacheka. Alirudi akiwa bado anacheka, akamwona mke wake amekaa, na uso wote ukamchangamka kama siku za uchumba wao.

"Bibie, umekuja!"

"Nimekuja."

"Karibu, karibu sana. Mbona hukuniambia?" Akavuta kiti chake, akakisogeza mpaka ukutani upande wa pili wa chumba, karibu na mlango, akakaa. Kisha akatulia akimtabasamia, mikono magotini, na macho yake hayakubanduka mdomoni mwa mke wake.